Jinsi ya kupeleka kitabu cha watoto stejini na klabu ya sekondari, kama tulivyofanya sisi na Alisi

Nasimamia klabu ya maigizo kwenye sekondari moja huku Tanga, somo langu ni Kiswahili, na karibu kila mwaka kuna mwalimu wa shule nyingine ananipigia kuniuliza jambo lilelile, tunataka tuchukue kitabu cha hadithi cha watoto tukifanye igizo, wadogo wa shule ya msingi waje waangalie, sasa tunaanzia wapi. Nimeona niandike yote sehemu moja. Mfano wangu ni Alisi, yule binti anayetumbukia kwenye shimo la sungura, kitabu cha Lewis Carroll kilichotoka London 1865, kwa sababu ndo nimekifanya zaidi ya mara moja na mara ya kwanza kiliniharibikia.

Kiliharibika hivi. Tulichukua kitabu chote, sura zote 12, tukatafsiri mstari kwa mstari, tukamweka msimulizi mmoja asome yale maelezo na wenzake wakawa wanaingia wanasema maneno yao wanatoka. Ikaenda saa mbili na robo. Watoto wa darasa la pili na la tatu waliokaa kwenye mikeka mbele walianza kuomba ruhusa ya kwenda chooni kabla hata Alisi hajakutana na paka, na wakienda hawarudi. Hawakuwa watundu hata kidogo, walikuwa wamechoka. Tulikuwa tumeleta kitabu stejini lakini hatukuleta mchezo.

Na hilo neno ndo siri yenyewe. Sisi kwetu mchezo ni igizo na mchezo ni ule wa kucheza uwanjani, neno moja. Kila sura ya Alisi ina mchezo fulani ndani yake ambao mwandishi anacheza na mtoto anayesoma, kazi yenu ni kuutafuta huo mchezo, sio maneno, alafu kuucheza upya na watoto waliokaa mbele yenu. Hatua zote hapa chini zinatoka kwenye hilo.

Hatua ya 1: jueni kitabu ni cha nani

Hii kabla hamjaandika hata mstari mmoja. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, Kenya nao ni 50, Uingereza ni 70. Carroll alikufa Januari 1898, kwa hiyo kitabu chenyewe kiko huru, mnaweza kukikata na kukigeuza bila kumwomba mtu. Michoro ya mwanzo ya John Tenniel nayo iko huru, yeye alikufa 1914, sisi karata zetu, yaani wale watu wa Malkia ambao ni karata za kuchezea, tuliiga humo.

Ila kuna mitego miwili. Wa kwanza ni filamu. Wanafunzi wengi Alisi wanamjua kupitia katuni ya Disney ya 1951 na ile bado ina wenyewe, nyimbo zake, wahusika walivyochorwa, na vitu walivyoongeza kama kile kitasa cha mlango kinachoongea, kitabuni hakuna kitasa kinachoongea. Mwanafunzi akileta wazo mwambie akuonyeshe ukurasa, asipouona kwenye kitabu msilitumie. Mtego wa pili ni tafsiri. Alisi yuko kwa Kiswahili tangu 1940, Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya Conan-Davies iliyochapwa London na Sheldon Press, na mjue tafsiri inakuwa na hakimiliki yake mbali na kitabu. Mkiipata isomeni, ni furaha kuona mtu wa zamani hivo alihangaika na maneno yaleyale mnayohangaika nayo nyinyi, lakini ya stejini andikeni wenyewe.

Kama kitabu mlichokipenda mwandishi wake yuko hai, au amefariki miaka ya karibuni, andikeni barua kwa mchapishaji. Semeni ni shule, mtacheza mara ngapi, kuna kiingilio au hakuna, igizo ni la dakika ngapi. Barua iende mapema, miezi mitatu kabla, na kama hamjui haki ziko kwa nani waulizeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Msianze mazoezi mkitegemea watakubali, maana kumwambia mtoto aliyeshika maneno yake yote kwamba igizo halipo tena ni jambo la kuumiza sana.

Hatua ya 2: someni mara tatu

Mara ya kwanza kwa raha tu, kwa sauti, kila mmoja ukurasa wake, hamna kuandika. Mara ya pili kila sura ikiisha waulize swali moja, hapa mwandishi anatufanyia nini? Sio hadithi inasema nini. Wataanza na majibu ya darasani, dhamira ni hii, ujumbe ni huu, wavumilie. Baada ya sura mbili tatu mmoja atasema, madam hapa anatuzungusha. Basi andika ubaoni: ANATUZUNGUSHA. Sura ya wanyama kukimbia mbio zisizo na mwanzo wala mwisho na kila mtu akashinda, hiyo ni ANATUZUNGUSHA. Sura ya kiwavi ni ANATUDHARAU. Sura ya chai ni HAITAISHA. Sura ya mahakama wao wenyewe waliiita TUNAONEWA. Haya maneno yabaki ukutani mpaka siku ya onyesho, ndo mtakayorudia kila mkigombana kuhusu kitu gani kikatwe.

Mara ya tatu soma na mtoto mmoja wa miaka saba au nane akiwepo. Kila mwanafunzi ana mdogo wake nyumbani, aende amsomee sura moja aangalie anachekea wapi, anauliza nini, anapoanza kucheza na kidole cha mguu ni mstari gani. Arudi na ripoti. Mimi hii nimeona inafaa kuliko semina yoyote niliyowahi kuhudhuria.

Hatua ya 3: kateni

Kwa watoto wa darasa la kwanza mpaka la nne lengeni dakika 50 hadi 60, bila mapumziko. Tulibaki na sehemu saba: shimo, kukua na kusinyaa, mbio, kiwavi, jiko la pilipili pamoja na paka, chai, na mwisho Malkia na mahakama. Yule kasa na wimbo wake wa huzuni tulimtoa, utani wake wote umesimama juu ya aina fulani ya supu ya Kiingereza, na ukianza kuueleza umeshakufa.

Wengi wanachanganya humu na kitabu cha pili cha Alisi, kile cha kioo cha 1871, wanachomeka wale mapacha wanene na yule wa yai. Mimi ningesema msichanganye. Igizo la kwanza kubwa la Alisi, la Henry Savile Clarke, London 1886, mwandishi akiwa bado hai, lilikuwa na vitendo viwili na kila kitabu kikawa na kitendo chake. Kitabu cha kwanza ni karata, cha pili ni drafti za wazungu, chesi, ni michezo miwili tofauti na ukiviweka pamoja hamna unaochezeka.

Msimulizi je? Mtoeni. Najua inauma, ndo njia rahisi. Lakini kila mahali msimulizi anaposema kitu, jiulizeni nani stejini anaweza kukifanya badala ya kukisema. Alisi akaona mlango mdogo, hapo mlango uletwe.

Hatua ya 4: andikeni kwa miguu

Hapa nakaa kidogo maana ndo penye kazi. Sisi hatukukaa mezani kuandika skripti. Wanafunzi wawili watatu wanasimama, wanajua sura inahusu nini na neno lake la ukutani, wanaiigiza kwa maneno yao, mwingine anarekodi kwa simu ya mwalimu, wanarudia mara tatu, alafu jioni mmoja anasikiliza anaandika ile iliyo nzuri. Maneno yanayotoka hivo yanakaa mdomoni, hayana ule ugumu wa kitabu. Mimi kazi yangu ilikuwa kupunguza tu na kuangalia sarufi isiharibike sana.

Sasa mifano, maana bila mifano hii hatua haieleweki.

Kiwavi. Kitabuni kiwavi anamuuliza Alisi wewe ni nani kwa sauti ya usingizi na dharau. Ukitafsiri, watoto wetu hawaoni shida yoyote, mtu mzima kamuuliza mtoto wewe nani, kawaida tu. Mwanafunzi wetu mmoja wa kidato cha pili akapata dawa. Alisi anafika, anapiga magoti kidogo, "Shikamoo." Kiwavi kimya. Alisi tena, kwa sauti zaidi, "Shikamoo babu!" Kiwavi anavuta pumzi, anamwangalia juu mpaka chini, bila haraka, alafu badala ya marahaba anasema, "Wewe nani?" Ukumbi mzima uliguna. Shikamoo isiyojibiwa, kila mtoto pale alijua ladha yake, na hatukutumia hata neno moja la kitabu isipokuwa lile swali. Na kwa kuwa kitabuni kiwavi anavuta buruma, na mbele ya watoto wadogo haifai na mkuu wa shule asingekubali, tulimpa kikombe cha maji ya sabuni na mrija awe anapuliza mapovu. Mapovu yakawa yanaelea mpaka kwenye mikeka.

Kitendawili. Kwenye chai yule mshona kofia anauliza kunguru na dawati wanafanana nini, na hana jibu. Kwa Kiingereza ni mzaha mfupi, kwetu sisi ni hazina kwa sababu kitendawili kina sheria zake na kila mtoto anazijua. Kwa hiyo mshona kofia anageukia ukumbi, "Kitendawili!" Watoto wote, "Tega!" Anatega. Wanajaribu, miguu, weusi, kelele, yeye anatingisha kichwa tu. "Mmeshindwa? Nipeni mji." Wanapiga kelele Arusha, Mombasa, Dodoma, anachagua mmoja, anapanda juu ya kiti, anasafiri huko anakula anakunywa anarudi taratibu, anakaa, anamimina chai. Kimya. Mtoto mmoja anauliza jibu? Na yeye, kwa uso wa mtu mkweli kabisa, "Silijui." Tulivyokifanya hivi mara ya kwanza watoto walisimama kwa hasira ya raha, mji wetu, rudisha mji wetu! Mwigizaji wa hapa asicheke hata kidogo, akicheka imeisha.

Huyo mshona kofia mwenyewe alikuwa rahisi kwetu, pwani hii kofia za viua zinashonwa kwa mkono, tukamkalisha na sindano na kofia isiyoisha. Lakini mwenzake wa kwenye chai, sungura wa Machi, tulimtoa. Kiingereza kina majina mawili, sisi wote ni sungura, na watoto wangeuliza huyu si ndo yule mwenye saa?

Saa nayo ina mtego. Kitabuni chai haiishi kwa sababu saa imegoma kwenye sita, yaani sita ya Kiingereza, muda wa chai ya jioni. Ukiandika "saa sita" mtoto anaelewa mchana, jua kali, watu wanasubiri ugali. Ni saa kumi na mbili jioni. Sisi tulifurahi zaidi, maana hiyo ndo saa ambayo kila mtoto anatakiwa awe ameingia ndani, na hapa imegoma, hakuna anayeitwa nyumbani tena milele. Mwanzoni watoto wanashangilia. Baada ya dakika tatu za vitumbua vilevile na birika lilelile unaona wanaanza kumwonea huruma Alisi. Mkitafsiri kitabu chochote cha Kiingereza kagueni saa zote.

Mashairi. Mashairi ya Alisi mengi ni utani wa mashairi ambayo watoto wa Uingereza wa wakati ule walilazimishwa kukariri shuleni, lile la mamba kwa mfano linalicheka shairi la Isaac Watts la 1715 la kumsifu nyuki mchapakazi. Watoto wetu hawamjui nyuki wa Watts, kwa hiyo utani haupo. Chukueni kitu wanachokariri wao. Sisi Alisi anajaribu kusema jedwali la mbili na linamtoka kombo, mbili mara moja mamba, mbili mara mbili mamba wawili, mbili mara tatu wamekula wa nne, na watoto wanajaribu kumrekebisha kwa sauti mpaka nao wanapotea. Mamba akabaki, mchezo ukabaki.

Nguruwe. Kwenye jiko la pilipili mtoto mchanga anageuka nguruwe mikononi mwa Alisi. Klabu yetu ni mchanganyiko, Waislamu ni wengi, na binti aliyekuwa Alisi aliniambia kwa upole, mwalimu mimi hapo sitaweza. Tukakaa sote tukaongea. Mchezo wa pale ni kwamba unabembeleza kitu na kinakubadilikia mkononi, hauhitaji nguruwe. Akawa mwanambuzi, mtoto analia nga nga nga, polepole ikawa mee mee mee, na watoto walisikia kabla Alisi hajasikia. Ilikuwa bora kuliko kitabu, nasema hivo kwa moyo wote.

Jambo la mwisho hapa, sungura mwenyewe. Kwenye hadithi zetu sungura ni mjanja, anawashinda fisi na simba na tembo. Huyu wa Alisi ni mwoga, anakimbizana na muda, anamwogopa bosi wake. Usipomtambulisha vizuri watoto watakaa wakisubiri hila mpaka mwisho na hila haiji. Dakika ya kwanza kabisa sungura wetu aliangusha glavu, akaangusha saa, akaomba msamaha kwa kiti. Ikatosha.

Hatua ya 5: gaweni nafasi

Msimpe mmoja Alisi yote. Tuliweka Alisi watatu, mdogo wa kidato cha kwanza, wa kati, na mrefu wa kidato cha nne, wote na khanga moja nyekundu ya kufunga kiunoni. Anakunywa chupa, anazunguka nyuma ya pazia, anatoka mfupi. Anakula keki, anatoka mrefu na mlango unamfika magotini. Hamna mashine hapo, khanga tu inapita mkono kwa mkono, na watoto hawakuchanganyikiwa hata mara moja. Pia maneno yanagawanyika, wa kidato cha nne anabaki na muda wa kusoma kwa ajili ya mtihani, na mmoja akiumwa wawili wanajua njia.

Wale wenye aibu, ambao kila klabu inao na ndo mara nyingi wanaoipenda kuliko wote, waingie kwenye karata. Karata ni kundi, zinatembea pamoja, zinaongea pamoja. Nimeona binti ambaye hakuwahi kunyoosha mkono darasani akipiga kelele "Kata kichwa!" na wenzake 15 kwa sauti iliyotikisa bati.

Hatua ya 6: miujiza ya bei nafuu

Kuanguka shimoni: Alisi anasimama juu ya stuli, mikono juu, mtu mmoja chini anapepea khanga yake kwa kipande cha boksi. Pembeni kundi la waliovaa nguo nyeusi wanapandisha vitu taratibu kutoka chini kwenda juu, sufuria, kitabu, kiatu, ramani ya darasani, kikombe. Vitu vikipanda jicho linaona Alisi anashuka. Polepole ndo siri, wanafunzi watataka kuharakisha.

Paka anayeyeyuka na kubaki meno tu: pazia jeusi nyuma, mwigizaji amevaa nyeusi mpaka glavu, mkononi ana meno yaliyokatwa kwenye boksi na kubandikwa ile karatasi ya kung'aa ya kwenye biskuti. Anaongea, anajifunika uso kwa kitambaa cheusi, anabaki ameshika meno. Tochi moja iyalenge meno peke yake.

Malkia kuwa mkubwa wa kutisha: shuka jeupe limevutwa likakaza, taa nyuma, mwigizaji katikati. Akisogelea taa kivuli kinakua, akisogelea shuka kinapungua. Shuka letu lilikuwa la mita mbili na taa tuliiweka hatua nne nyuma, jaribuni mpaka mpate. Taa iwe moja tu na yenye balbu ndogo kali, mkitumia taa mbili mnapata vivuli viwili hafifu. Na bwalo lazima liwe giza, kwa hiyo kama mnacheza mchana mnahitaji mablanketi ya madirishani, tuliazima ya bweni.

Heroe wa kuchezea mpira: Malkia anacheza na heroe badala ya gongo, na mpira ni kalunguyeye. Ule mchezo wa kizungu wa kupitisha mpira kwenye vitao hamna anayeujua, tukasema ni mpira wa magongo basi. Heroe tunao wa kwetu, Ziwa Natron ndo wanakozaliana kwa wingi, watoto wengi wamewaona kwenye vitabu vya jiografia. Soksi ndefu ya pinki imejazwa matambara, waya ndani ya shingo ili ikunje, na mdomo wenye ncha nyeusi.

Hatua ya 7: nguo na vifaa

Fupi tu. Karata ni maboksi makubwa ya friji au televisheni, ulizeni madukani wanatoa bure, mbili kwa kila mtu, moja mbele moja nyuma, kamba mabegani. Upande wa nje pakeni rangi nyeupe na kopa, uru, shupaza na pau, upande wa ndani uacheni rangi yake ya boksi, nitasema kwa nini. Nguo nyingine mitumba na khanga za kuazima, kila khanga iandikwe jina la mwenyewe kwenye kipande cha plasta kwenye pindo. Mwaka wetu tulitumia shilingi 180,000 na nusu yake ilikuwa rangi.

Hatua ya 8: mazoezi

Wiki tisa, siku tatu kwa wiki, saa moja na nusu baada ya vipindi. Tatu za kwanza kusoma na kuandika kwa miguu, nne za kati kutengeneza sehemu moja moja, mbili za mwisho mnapitisha yote kila siku bila kusimama hata kitu kikianguka. Msiache vifaa mpaka mwisho, mtoto wa karata aliyefanya mazoezi bila boksi akilivaa siku ya mwisho hawezi kupita mlangoni.

Sauti: msitegemee maiki. Mmoja akae ukuta wa nyuma kila siku ananyoosha mkono asiposikia. Na angalieni msimu, bwalo lenye bati mvua ikinyesha hamna atakayesikia lolote, kwa hiyo huku kwetu masika hapana, sisi tulicheza Agosti.

Wiki ya nane leteni darasa moja la shule ya msingi waone mazoezi. Tulifanya hivo na tukagundua mbio za wanyama zilikuwa ndefu mara mbili ya inavyotakiwa, tukakata usiku uleule.

Hatua ya 9: mahakama, na siku yenyewe

Nimeiacha sehemu ya mwisho ya igizo hapa kwa sababu ndo siku nzima inaielekea. Malkia anasema hukumu ya adhabu kwanza, uamuzi wa kama kuna kosa baadaye. Mnaweza kuifanya ichekeshe na itachekesha. Lakini nawaomba muiache sekunde chache bila kicheko. Watoto wale wanajua kabisa maana ya kuadhibiwa kabla ya kuulizwa. Kwenye onyesho letu Alisi mdogo ndo alisimama mahakamani, yule wa kidato cha kwanza, karata zote zimemzunguka, na kila zikisema "Hukumu!" anatoka nyuma yake Alisi wa kati, alafu mrefu, wote watatu wakasimama pamoja na kusema kwa utulivu, bila kupiga kelele, "Nyinyi ni karata tu." Hapo karata zote kwa mpigo mmoja zinageuza maboksi yao ndani nje. Nyekundu na nyeupe yote inapotea, ukumbi unaona maboksi ya kahawia, moja limeandikwa friji, jingine juu kwa chini. Ndo maana niliwaambia msipake rangi ndani. Kugeuza kwenyewe kufanyieni mazoezi mara hamsini, wakipishana hata nusu sekunde inaharibika.

Siku yenyewe: wageni wadogo mbele kwenye mikeka, wakubwa nyuma kwenye viti, msiruhusu wageni rasmi kukaa mbele ya watoto, zungumzeni na mkuu wa shule mapema ili siku hiyo asionekane anawanyima heshima. Hotuba zote ziwe baada ya igizo. Umeme ukikatika tochi tatu zimechajiwa na kila mmoja anajua anamulika nini, sisi ulikatika kwenye chai na ikaonekana kama tulipanga, saa imegoma na taa zimegoma.

Weka mwanafunzi mmoja pembeni na skripti na kalamu, kazi yake ni kuweka alama walipocheka, walipoguna, walipoanza kunong'ona, na walichojibu kwenye kitendawili. Usiku huohuo kaeni chini, kabla ya kurudisha khanga, muandike majibu yao pembeni ya ukurasa. Letu lina majibu 14 ya kunguru na dawati. Lililo bora lilitoka kwa mtoto wa darasa la pili, kwamba vyote viwili ukivikalia mwalimu anakufokea, na mwaka unaofuata mshona kofia alianza kwa kusema, "Na msiniambie lile la mwalimu kufoka, nimeshalisikia."